Mdogo wangu anasema bado ana miaka kumi. Hiki kirusi kinachokimbia ni kweli kipo?

Dada Mkubwa

Habari zenu ndugu zangu. Naandika usiku kwa sababu mchana siwezi, yumo humu ndani.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 31. Mwezi wa tatu alipima akakutwa na VVU. Nilikuwa naye kwenye benchi, na karatasi ya majibu niliishika mimi maana viganja vyake vilikuwa vinatoka jasho. CD4, yaani hesabu ya seli za kinga ambazo kirusi huziangamiza, zilikuwa 412. Mshauri nasaha alimweleza kwa utaratibu, akamwambia dawa anaweza kuanza siku ileile. Akakataa. Akasema anataka kwanza kukaa na hilo jambo kichwani. Nilimwelewa. Ila huko kukaa kumefika miezi minane.

Wiki iliyopita nilimbembeleza mpaka akakubali kurudia kipimo. CD4 291. Niliposoma ile namba miguu iliisha nguvu. Yeye akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akaniambia: "Dada, hiki kirusi hukaa kimya miaka kumi. Mimi hata homa sijaumwa." Hiyo miaka kumi aliambiwa na rafiki yake, na ameishikilia kama mtu aliyeandikiwa hati.

Sasa nimesoma kwamba huko Uholanzi watafiti waligundua VVU vya aina inayoshusha kinga haraka kuliko kawaida. Tangu hapo silali. Naomba kuuliza mambo matatu. Hiyo habari ni ya kweli au ni ya kutisha watu tu? Kutoka 412 hadi 291 ndani ya miezi minane, je, ndiyo alama ya kirusi cha namna hiyo? Na kama ndicho alichonacho, dawa za kufubaza zitakiweza?

Naomba mnijibu kwa lugha ambayo naweza kukaa naye nikamsomea.

Mwana Maabara

Dada, pole sana. Mimi nimefanya kazi maabara mwaka wa 14 huu, na mashine za CD4 na za wingi wa virusi ndizo ninazoshinda nazo. Nitajibu upande ninaoujua.

Habari uliyosoma ni ya kweli. Ilichapishwa Februari 2022 kwenye jarida la Science, na watafiti walikuwa wa Chuo Kikuu cha Oxford wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi na kwingineko. Walikuwa wanalinganisha jeni za virusi vya watu wengi ili wajue kwa nini mmoja anakuwa na virusi vingi mno kwenye damu na mwingine vichache. Wakakuta watu 17 ambao virusi vyao vinafanana kama ndugu wa tumbo moja, na wote wana wingi wa virusi wa kushtua. Kati ya hao, 15 walikuwa Uholanzi, mmoja Ubelgiji, mmoja Uswisi. Walipofungua kumbukumbu za Uholanzi za wagonjwa wa miaka mingi wakapata wengine 92. Jumla 109. Kirusi hicho wakakiita VB. Ni cha aina ndogo B, ile iliyoenea zaidi Ulaya na Marekani.

Sasa sikiliza sehemu inayokuhusu. Mtu mwenye VB alikuwa na virusi mara 3.5 hadi 5.5 zaidi ya wenzake wenye aina B ya kawaida, na CD4 zake zilishuka kwa kasi mara mbili. Watafiti walipiga hesabu ya mtu wa miaka ya thelathini ambaye hajaanza dawa. Tangu siku ya kugundulika, mwenye VVU vya kawaida angefika chini ya CD4 350 baada ya kama miezi 36. Mwenye VB, miezi 9.

Najua umesoma hapo ukasimama kwenye ile tisa. Subiri kwanza.

Tofauti ya 412 na 291 haiwezi kukwambia ni kirusi gani. Hiyo miezi 36 na miezi 9 ni wastani wa watu wengi, na mdogo wako ni mtu mmoja mwenye vipimo viwili. CD4 zenyewe hazitulii. Tulipoletewa mashine mpya nilijitoa damu mwenyewe asubuhi, nikajitoa tena jioni ya siku hiyohiyo. Asubuhi ilisoma 640, jioni 810. Mkono uleule, mshipa uleule. CD4 huwa chini asubuhi na hupanda kadiri siku inavyokwenda, na hata mafua tu yanaweza kuzishusha kwa siku kadhaa. Ndiyo maana karatasi nyingine huonyesha na asilimia ya CD4, hiyo haiyumbi sana. Halafu hujui aliambukizwa lini. Inawezekana alipopima mwezi wa tatu alikuwa na mwaka mmoja, inawezekana alikuwa na sita. Wenzetu wa Cuba waliochunguza kirusi kingine cha kasi walianza na watu ambao tarehe ya kipimo chao cha mwisho kilichotoka safi ilijulikana. Bila tarehe hiyo unapima mwendo wa gari ambalo hukuona lilikoanzia.

Na VB yenyewe imegunduliwa karibu yote Uholanzi. Ilianza kuenea miaka ya 1990, ikapanda miaka ya 2000, na tangu kama mwaka 2010 imekuwa ikipungua. Sioni sababu ya kuanza na wazo kwamba ndiyo iliyomkuta.

Ila hata kama si VB, hiyo haimaanishi aendelee kukaa bila dawa. Namba 291 ni 291, iwe imeletwa na kirusi kinachokimbia au kinachotembea.

Swali lako la tatu ndilo tamu kulijibu. Dawa zinakiweza. Waliokuwa na VB, walipoanza dawa, CD4 zao zilipanda sawa na za wengine, na hatari yao ya kufa haikuwa tofauti na ya wengine. Ukali wa kirusi ni jambo moja, usugu kwa dawa ni jambo jingine kabisa.

Dada Mkubwa

Asante sana kaka. Hiyo ya Cuba sikuwahi kuisikia. Ina maana viko vingi vya namna hii?

Mwana Maabara

Vipo, na havikuanza na Uholanzi.

VVU haviko sare. Kundi kubwa linaloitwa M, ambalo ndilo lililoenea duniani kote, lina aina ndogo zenye herufi: A, B, C, D na kuendelea. Mtu akiambukizwa aina mbili, zinaweza kuchanganyika ndani ya mwili mmoja zikazaa mseto. Uganda, kule Rakai, walifuatilia watu kwa miaka mingi wakaona wenye aina D wanafika kwenye UKIMWI mapema kuliko wenye aina A. Utafiti wa Tanzania na wa Kenya nao ulionyesha aina D ni mbaya zaidi. Hayo yalishaandikwa miaka ya 2000, kabla mtu yeyote hajaitaja VB.

Cuba, mwaka 2015, watafiti walieleza mseto wa A, D na G ambao ulihusishwa na watu kufika kwenye UKIMWI ndani ya miaka mitatu tangu kuambukizwa. Guinea-Bissau nako, kwenye kundi la askari polisi lililofuatiliwa miaka mingi, mseto mmoja ulionekana kufikisha watu kwenye UKIMWI kwa takriban miaka mitano. Na upande wa pili kuna VVU-2 ya Afrika Magharibi, ambayo kwa kawaida huenda polepole kuliko VVU-1, yaani hivi vya kundi M tunavyovizungumzia.

Sababu ya kasi tunaielewa nusunusu. Kirusi kinahitaji milango miwili ili kiingie kwenye seli. CD4, protini iliyo juu ya seli hizo na iliyozipa jina, ni mlango wa kwanza. Wa pili mara nyingi ni CCR5, na kwa baadhi ya watu ugonjwa ukishakomaa kirusi hujifunza kutumia mwingine unaoitwa CXCR4, ambao uko kwenye seli nyingi za akiba. Kikishaupata huo, akiba inaliwa. Aina D inaonekana kuufikia mapema, na mseto wa Cuba pia. Kwa VB mambo ni tofauti, mabadiliko yametawanyika jenomu nzima, yaani kwenye jeni zake zote, na hakuna moja lililonyooshewa kidole.

Mimi hapo ndipo ninapokishangaa kirusi hiki baada ya miaka yote hii. Kikiwa kingi sana kwenye damu huambukiza kwa urahisi, lakini humwangusha mtu mapema kabla hajaambukiza wengi. Kikiwa kichache humwacha mtu aishi muda mrefu lakini hakirukii wengine kwa wepesi. Kwa hiyo kinachofanikiwa zaidi huwa cha katikati. Watu wengi hudhani basi lazima vijidudu vizoee na kupoa kadiri miaka inavyopita. VB imeonyesha kwamba si lazima.

Mzee wa Saa Tatu

Shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba. Binti, nimesoma maneno ya mdogo wako nikajisikia mimi mwenyewe nikiwa na umri wake. Ukimsomea kitu, naomba umsomee hiki.

Niligundulika mwaka 2003. CD4 340. Siku hizo dawa hazikuwa za kila mtu. Mwongozo wa dunia ulikuwa kusubiri mpaka ushuke chini ya 200 au uugue magonjwa makubwa. Nilirudishwa nyumbani na karatasi ya tarehe ya kurudi. Nikarudi mara mbili, ya tatu sikwenda. Nilikuwa na nguvu, nabeba mizigo, nani angeniambia naumwa?

Wiki ileile niliyopima, kuna mwenzangu alipima pia, tulikaa foleni moja. Tulikuwa tunaulizana namba kama watoto wanaoulizana alama za mtihani. Yeye mpaka mwaka 2013 alikuwa bado juu ya 500 bila kidonge hata kimoja. Mimi mwaka 2006 nilibebwa. Kichwa kiliniuma siku kumi na moja, shingo haikunjiki, mwanga wa dirishani ulikuwa kama kisu. Walinilaza ubavu nikakunja magoti, wakanichoma sindano ya uti wa mgongo, wakakuta fangasi kwenye maji ya ubongo. CD4 zangu zilikuwa 61.

Miaka mitatu. Hakuna aliyenipima ni kirusi cha aina gani, na mpaka leo sijui kama ni kirusi changu kilikuwa na mbio au ni mwili wangu uliochoka mapema. Daktari mmoja alinieleza baadaye kwamba kuna watu wanazaliwa na jeni zinazokizuia kirusi, na mwenzangu huenda alikuwa mmoja wao. Hiyo miaka kumi wanayoitaja imetokana na kuchanganya watu kama yeye na watu kama mimi, wakagawanya.

Mwongozo ukapanda, 350 mwaka 2010, 500 mwaka 2013, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likasema kila mtu aanze mara anapogundulika, namba yoyote. Hawakuamka tu asubuhi wakabadilisha. Kulikuwa na utafiti mkubwa uliogawanya watu wenye CD4 juu ya 500, wengine waanze sasa, wengine wangoje. Matokeo yalipoonekana hawakusubiri muda uishe, wale waliokuwa wakingoja wakaambiwa waanze.

Mimi ningepewa kidonge siku ya kwanza ningekibusu. Zile za kwanza nilizomeza zilininyonya mashavu na kuniachia ganzi ya nyayo ambayo ninayo hadi leo, nikivua ndala naangalia kwa macho kama kweli imetoka. Za sasa ni kidonge kimoja, saa tatu usiku, basi. Virusi havionekani kwenye kipimo changu tangu muda mrefu. Mke wangu hana VVU.

Swali Gumu

Naheshimu wote mlioandika, lakini kuna jambo linanisumbua na nalisema kwa nia njema. Tunaambiwa vijidudu vikizoea dawa vinakuwa vikali. Uholanzi ni nchi yenye dawa nyingi, na ndiko kirusi kikali kilikotokea. Je, si dawa zenyewe zimekitengeneza? Kama ni hivyo, huyu kijana ana hoja ya kuogopa.

Mwana Maabara

Swali la haki kabisa, nami niliwahi kulifikiria. Lakini tarehe zinalikataa. VB ilikadiriwa kujitokeza mwishoni mwa miaka ya 1980 au miaka ya 1990, kabla ya tiba ya mseto kuenea, maana hiyo imekuja mwaka 1996. Na imepungua katika miaka ambayo dawa zimeenea zaidi. Dawa zingekuwa ndizo zinazoilea, mstari ungepanda, usingeshuka.

Kuna na sababu ya ndani. Kirusi hubadilika pale kinapojinakili. Kila nakala ni nafasi ya kukosea herufi, na VVU hukosea sana. Mtu ambaye hayuko kwenye dawa ana mabilioni ya nakala mpya kila siku. Mtu ambaye virusi vyake vimefubazwa, kazi hiyo karibu imesimama. Na asiyeonekana virusi kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya ngono, kwa hiyo hata kama kulikuwa na kikali ndani yake kinaishia hapo.

Usugu wa dawa upo, siufichi. Huja hasa mtu anapomeza leo, kesho anaacha, wiki ijayo anakumbuka. Kumeza nusunusu ndiko kunakokifundisha kirusi.

Muuguzi wa Zamu

Dada Mkubwa, mimi nitasema kidogo tu. Nimekaa na wengi waliosema "bado nina miaka". Karibu wote hawakuwa wanapiga hesabu ya miaka. Kidonge cha kwanza ndicho kinachowatisha, kwa sababu mpaka siku hiyo ugonjwa uko kwenye karatasi, na karatasi unaweza kuikunja. Kidonge kikishaingia mdomoni hakuna tena kujidanganya. Usimshinde kwa hoja za Uholanzi. Muulize anaogopa nini, halafu unyamaze, unyamaze kweli.

Na mkienda kliniki, mwombe apimwe wingi wa virusi, achunguzwe kifua kikuu kabla ya kuanza, na aseme dawa nyingine zozote anazomeza, hata za tumbo au vidonge vya madini, maana baadhi hugongana na dolutegravir, dawa iliyomo kwenye kidonge cha VVU cha siku hizi. Kujua kama kirusi ni aina A au D hakutabadilisha kidonge atakachopewa.

Dada Mkubwa

Nimerudi. Samahani nimechelewa, zimepita siku tisa.

Nilimsomea. Nilianza na ya Mwana Maabara, akanisikiliza huku anachezea simu. Nilipofika kwenye damu ya asubuhi na jioni akasema, "Unaona? Kumbe namba zinadanganya." Nikaona nimeharibu. Nikaruka nikamsomea ya Mzee. Kwenye alama za mtihani aliweka simu chini. Kwenye ndala aliniambia nirudie. Nikarudia.

Kisha nikafanya alivyosema Muuguzi. Nikamuuliza unaogopa nini, nikanyamaza. Dada zangu na kaka zangu, kile kimya kilikuwa kirefu, nilihesabu matone ya bomba la jikoni. Mwishoni akasema anaogopa mchumba wake atavikuta vidonge. Si kufa. Vidonge kwenye droo. Hajamwambia, na msichana wa watu naye hajapimwa.

Nililia, halafu nilikasirika, halafu nikalia tena. Miezi minane tunabishana kuhusu kasi ya kirusi, kumbe tulikuwa tunaongea jambo jingine.

Tulikwenda Jumanne, mimi na yeye. Wingi wa virusi majibu bado. Kifua kikuu hana. Dawa amepewa kopo moja, nyeupe, kifuniko chake unakibonyeza chini ndipo kinafunguka. Jana usiku alikaa kitandani akakizungusha kidonge kwenye kiganja muda mrefu, akaniuliza, "Yule mzee alisema saa ngapi?" Nikamwambia saa tatu. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika sita. Akasubiri zile dakika sita.

Kesho anazungumza na mchumba wake. Ameniomba niwepo chumba cha pili, nisiingie mpaka aniite.

Mzee wa Saa Tatu

Binti, mwambie leo tumeze pamoja. Nitaangalia saa yangu.